NANI AMEKUTUMA HUKO UNAKOKWENDA?



Karatasi hii imefika mkononi mwako. Labda umepewa hapa uwanjani, labda umeiokota kwenye kiti cha basi, labda umefungiwa karanga. Vyovyote vile, usiitupe kwanza. Ndani yake kuna swali moja tu, na hakuna mtu mwingine anayeweza kukujibia. Swali ni hili: HAYO MAISHA UNAYOYAISHI, NANI AMEKUCHAGULIA?

Hebu mtazame kijana aliyemaliza shule hapa Mwanza. Baba yake anataka awe mwalimu. Mjomba anasema, "Njoo kisiwani, kuna sangara." Rafiki anasema, "Twende Geita, wenzetu wametoboa." Yeye mwenyewe anapenda useremala tangu utoto. Jumapili amemsikia mhubiri akisema watu waache vyote wamfuate Bwana. Sauti tano, na miguu yake ni miwili. Afuate ipi?

Dunia ina jibu rahisi: "Fuata moyo wako, maisha ni yako." Wazee nao wana jibu rahisi: "Fanya unavyoambiwa, sisi tumeona mengi." Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yana mtego. Tuyapime kwa Neno la Mungu.

1. NJIA YA UMATI

Watu wengi hawajawahi kuchagua kitu. Walikwenda walikokwenda wengine. Bendera hufuata upepo.

Sisi wa kandokando ya ziwa hili tunalijua jambo hilo. Sangara si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Alipandwa humu katika miaka ya 1950 na 1960, akameza furu, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza. Ndege zikabeba minofu kwenda Ulaya, mapanki yakabaki kwetu. Vijana wakaacha madawati, wakaacha mashamba ya pamba, wakaenda visiwani. Ukimwuliza mmoja, "Kwa nini umekuja huku?" atakujibu, "Si kila mtu amekuja?"

Halafu, kati ya mwaka 1997 na 1999, soko la Ulaya likafungwa zaidi ya mara moja, mara kwa hofu ya vijidudu na kipindupindu, mara kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Bei ikaanguka. Mtu ambaye sababu yake pekee ya kuwa kisiwani ilikuwa "kila mtu amekuja", siku hiyo hakuwa na sababu tena. Yule aliyekuwa mvuvi kwa wito, anayelijua ziwa, anayetunza nyavu zake na kuchukia sumu, alibanwa vilevile, lakini alijua kwa nini yupo pale.

Sisemi uvuvi ni dhambi. La hasha! Mitume wanne wa kwanza walikuwa wavuvi. Ninachosema ni kwamba WINGI WA WATU SI MWONGOZO.

Tumelipa gharama kubwa kulijifunza hilo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza. Ilikuwa na ruhusa ya kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Wengi wao wamelala makaburini Igoma. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Hatuwalaumu marehemu. Msafiri ana haki ya kuamini kwamba chombo kimekaguliwa, na waliokuwa na wajibu wa kuhesabu vichwa ndio wa kuulizwa. Ila sisi tuliobaki tujifunze jambo moja: chombo kilichojaa watu si lazima kiwe salama. Bwana Yesu alisema njia pana ina wasafiri wengi (Mathayo 7:13). Wingi wao hauipunguzii hatari, unaificha tu.

Basi jiulize leo. Kazi unayoitafuta, mchumba unayemtaka, mji unaotaka kuhamia: kama wenzako wote wangeacha kesho, wewe ungeendelea?

2. NJIA YA WAZAZI

Hapa ni pagumu, tusipapite haraka. Kuna baba Kwimba au Magu ameuza ng'ombe ili mtoto asome. Kuna mama Mwaloni Kirumba ameuza dagaa jua kali miaka kumi, kila shilingi ikaenda kwenye ada. Leo mtoto huyo anasimama na kusema, "Mimi nafuata njia yangu." Je, ana haki?

Amri ya Mungu ya kuwaheshimu wazazi haijafutwa (Kutoka 20:12). Tena Bwana Yesu aliwakemea watu waliotumia jina la Mungu kama kisingizio cha kuwanyima wazazi msaada (Marko 7:10-13). Kwa hiyo, kijana uliyeokoka, usimwambie baba yako, "Mungu ameniambia," kumbe ni uvivu wako ndio umesema. Na usimwache mama yako na njaa halafu ukasema uko kwenye huduma.

Lakini tofautisha mambo mawili. Unadaiwa HESHIMA, unadaiwa MATUNZO. Deni hilo ni halali, na utalilipa mpaka siku ya kuwazika. Ila hudaiwi kuishi ndoto ambayo baba hakuifikia. Ng'ombe waliouzwa walinunua elimu yako, hawakununua nafsi yako. Nafsi ina mwenyewe, naye ni Mungu aliyeiumba.

Mkumbuke Daudi siku alipokwenda kupigana na Goliathi. Mfalme Sauli alimvika mavazi yake mwenyewe ya vita, kofia ya shaba kichwani, na deraya mwilini. Nia ya Sauli ilikuwa njema. Mavazi yalikuwa bora kuliko yote katika Israeli. Lakini Daudi alijaribu kutembea nayo, akashindwa. Akayavua, akachukua fimbo, mawe ya kijitoni na kombeo, vitu alivyovizoea machungani (1 Samweli 17:38-40). Angalia alivyofanya. HAKUMTUKANA Sauli. Hakuyatupa yale mavazi chini kwa dharau. Alisema wazi kwamba hawezi kwenda nayo, akayarudisha. Hivyo ndivyo mtoto mwenye adabu anavyomwambia baba yake: "Baba, shikamoo. Nakushukuru kwa yote. Lakini hili joho halinienei, na nikilivaa nitaanguka mbele yako."

Nanyi wazazi, sikilizeni. Yese alipoambiwa alete wanawe mbele ya Samweli, alileta saba, akamwacha Daudi machungani (1 Samweli 16:10-11). Baba mzazi hakumwona mfalme ndani ya nyumba yake! Basi usiwe na uhakika mno kwamba unajua mwanao ni nani. Na wewe mzee unayemhesabu binti yako kwa ng'ombe wa mahari, binti anataka kusomea uuguzi na wewe tayari umeshapokea maneno ya watu: ng'ombe hao watakufa kwa ukame au kwa ugonjwa. Machozi ya binti yataandikwa mahali ambapo hayafutiki. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao (Waefeso 6:4). Hilo nalo ni Neno la Mungu.

3. NJIA YA MOYO WANGU

Sasa kijana anafurahi, anasema, "Amina! Basi nifuate moyo wangu." Polepole, ndugu yangu.

Nabii Yeremia alisema moyo wa mwanadamu ni mjanja kuliko kitu chochote (Yeremia 17:9). Unaweza kuufuata moyo wako ukafika mahali ambapo moyo wenyewe unakukimbia. Lutu alifuata macho. Aliinua macho akaona bonde la Yordani limenawiri, maji tele, akachagua upande wake (Mwanzo 13:10-11). Hakuuliza ni watu gani wanaishi huko. Aliona malisho, hakuona Sodoma. Wangapi wameiona taa ya mji ikimetameta, hawakuuliza nyumba inayowaka taa hiyo ni nyumba gani?

Kisha mwangalie Yona. Huyo ndiye mtu aliyefuata njia yake mwenyewe kwelikweli! Mungu alimwambia Ninawi, yeye akataka Tarshishi. Akashuka bandarini Yafa. Meli ilikuwepo. Nafasi ilikuwepo. Nauli alikuwa nayo, akalipa (Yona 1:3). Mambo yote yalinyooka! Kama angekuwa mlokole wa siku hizi, angetoa ushuhuda: "Wapendwa, nimejua ni mapenzi ya Mungu, maana milango yote imefunguka." Mlango kufunguka si ushahidi. Shetani naye anajua kufungua milango. Na dhoruba iliyokuja haikumkuta Yona peke yake, iliwakuta mabaharia wasio na kosa, wakatupa mali zao majini. Uasi wa mtu mmoja hulipiwa na wengi. Mume anayetoroka nyumba yake eti "anajitafuta", watoto ndio wanaolipa nauli.

Lakini hapa niwaambie na watu wa kanisani, maana nasi tuna kosa letu. Tumewafundisha vijana kwamba kila wanachokipenda ni cha mwili. Si kweli. Soma Kutoka 31:1-5. Mtu wa kwanza katika Biblia ambaye Mungu mwenyewe anasema amemjaza Roho kwa ajili ya kazi ya mikono ni Bezaleli, fundi. Alijazwa Roho ili achonge mbao, achore dhahabu na kukata vito! Kupenda randa na msumeno kunaweza kuwa ni alama ya vidole vya Muumba wako. Moyo si dira, lakini si takataka pia. Upeleke mbele za Mungu ukapimwe.

4. JE, WITO NI MIMBARI TU?

Kuna vijana wakiokoka leo, kesho wanaacha kazi. Wanasema, "Nimeitwa." Wengine wameitwa kweli, na Mungu awabariki. Lakini wengine wamevutiwa na kipaza sauti.

Katika Marko sura ya 5 yupo mtu aliyefunguliwa jeshi zima la mapepo. Alimsihi Yesu amruhusu amfuate. Ombi zuri kuliko yote, au sivyo? Yesu AKAMKATALIA. Alimwelekeza arudi kwao, akawasimulie watu wa nyumbani kwake (Marko 5:18-19). Petro aliambiwa aache nyavu, na huyu aliambiwa arudi nyumbani. Bwana ni mmoja, njia mbili. Watoza ushuru na askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanyeje, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia waache wizi na unyang'anyi (Luka 3:12-14).

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Paul Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Wasabato. Mtu angetazamia ashike mimbari ya baba yake. Yeye alishika jambo lingine. Wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaanza kuweka watu wao wa kupima pamba. Bomani akawa miongoni mwa walioongoza umoja wa wakulima wa Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 vyama vile vikaunganishwa kuwa Victoria Federation, ambao ulikuja kuwa mmoja wa ushirika mkubwa kabisa katika Afrika. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Sasa soma Mithali 11:1, inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Mungu. Wapo waliouhubiri mstari huo kanisani, na wapo waliokwenda kusimama kwenye mizani yenyewe. Kazi zote mbili zinahitaji watu.

Kwa hiyo, usimdharau muuguzi wa Bugando, wala fundi wa Makoroboi, wala dereva wa daladala asiyezidisha abiria. Huyo dereva akikataa kujaza watu kupita kiasi, amehubiri mahubiri ambayo ziwa hili liliyahitaji sana.

Na jihadhari na wanaokuuzia njia. Atatokea mtu akwambie, "Bwana amenionyesha, acha kazi, toa sadaka kubwa, utafunguliwa." Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu alipewa agizo na Mungu mwenyewe: asile, asinywe, asirudi njia ileile. Akaja nabii mzee, akamwambia malaika amesema vingine. Alikuwa anadanganya. Mtu wa Mungu akamwamini, akaacha agizo lake, na simba akamuua njiani. Mkubwa akinena, msikilize kwa heshima. Lakini Mungu hatamwuliza yeye habari ya safari yako. Atakuuliza wewe.

5. UTAIJUAJE NJIA YAKO?

Mungu hakupi ramani nzima. Ibrahimu aliondoka bila kujua aendako (Waebrania 11:8). Lakini amekupa vipimo. Vitumie.

(a) Je, njia hiyo inakutaka utende dhambi? Kama ili upate kazi lazima utoe mwili wako, au ili uvue lazima utie sumu majini, usikae kuomba na kufunga eti kutafuta mapenzi ya Mungu. Jibu limeshatoka.

(b) Mkononi mwako una nini? Mungu alimwuliza Musa swali hilo, naye alikuwa na fimbo tu ya kuchungia (Kutoka 4:2). Anza na kilichopo.

(c) Nani atakula matunda yake? Njia inayokushibisha wewe peke yako huku wa nyumbani mwako wakilala njaa, Paulo anaiita mbaya kuliko kutoamini (1 Timotheo 5:8).

(d) Umehesabu gharama? (Luka 14:28). Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama alikuwa amesoma Makerere na Edinburgh, akiwa anafundisha Pugu na ana mke na mtoto. Mwaka 1955 ilibidi achague kati ya kazi ya ualimu yenye mshahara na kazi ya TANU. Akajiuzulu, akarudi Butiama. Sisi leo tunajua mwisho wa habari. Yeye siku ile hakuujua. Alijua mshahara umekwisha. Ukisema "nafuata njia yangu" na hujui itakugharimu nini, bado hujaiona njia, umeiota tu.

(e) Umeuliza wenye hekima? Mithali 15:22 inatuonya kwamba mipango isiyo na washauri huvunjika. Waulize watu wanaokupenda, hasa wale wasiokuogopa.

Utasema, "Mtumishi, mimi sina cha kuchagua. Nauza dagaa nilishe watoto. Habari za wito ni za waliosoma." Mama yangu, nakusikia. Ni kweli wengi wetu kazi haikuchaguliwa, ilipatikana. Lakini wapo watumwa Paulo aliowaandikia, watu wasio na uchaguzi wowote, akawaambia wafanye kazi yao kana kwamba anayeipokea ni Bwana mwenyewe (Wakolosai 3:22-24). Hukuchagua meza ya dagaa. Lakini kila asubuhi unachagua kama kopo la kupimia litakuwa halali au limebonyezwa chini. Unachagua kama jirani aliyefiwa atakopeshwa au atafukuzwa. Hapo njia yako ipo, na Mungu anaitazama.

Na wewe uliyepotea kwa miaka mingi, mwenye umri wa miaka arobaini na tano, unasema muda umepita: Neno la Bwana lilimjia Yona MARA YA PILI (Yona 3:1). Haleluya! Na waliokuja shambani saa kumi na moja walipata kazi, na walilipwa (Mathayo 20:6-9).

6. NJIA INA JINA

Siku moja ufukweni mwa Galilaya, Petro alipoambiwa habari ya maisha yake na kifo chake, aligeuka akamwona Yohana, akauliza, "Na huyu je?" Yesu akamjibu kwamba ya Yohana hayamhusu, kazi yake Petro ni kumfuata Yeye (Yohana 21:20-22). Mpendwa, umeteseka sana kwa swali la "na huyu je?" Mwenzangu amejenga, mwenzangu ameolewa, mwenzangu yuko Dar es Salaam. Achana nalo leo. Bwana hatumii mizani ya mwenzako kukupima.

Angalia lakini: hakumwambia Petro, "Jifuate mwenyewe." Alimwambia amfuate YEYE. Hapo ndipo jibu letu lilipo. Njia yako ni yako kweli, hakuna mwingine aliyepewa, wala baba, wala rafiki, wala nabii hawezi kuitembea kwa niaba yako. Lakini hukuianzisha wewe. Ulitumwa. Na aliyekutuma hakusema anaijua njia, alisema yeye ndiye njia (Yohana 14:6). Unaweza kupata kazi uliyoipenda, nyumba Capri Point, gari zuri, na bado ukafika mwisho ukakuta hukutumwa na mtu. Hiyo ni hasara ambayo hakuna bima.

Kama hujampokea Yesu, usiahirishe. Hapo ulipo, iwe ni uwanja wa Furahisha au kitandani kwako, sema naye kwa maneno haya, ukimaanisha kutoka moyoni:

"Bwana Yesu, nimetembea nikifuata watu, na nimetembea nikifuata tamaa zangu. Nimechoka. Nisamehe dhambi zangu zote. Nioshe kwa damu yako. Leo nakukabidhi miguu yangu, mikono yangu, masomo yangu, kazi yangu na kesho yangu. Nipe ujasiri wa kukataa ninachotakiwa kukataa, na adabu ya kukataa bila kudharau mtu. Nionyeshe hatua moja ya leo, nami nitaikanyaga. Asante kwa kunipokea. Amina."

Kama umeomba sala hii kwa imani, wewe sasa ni mtoto wa Mungu. Fanya mambo matatu. Tafuta Biblia usome, anza na Injili ya Yohana. Tafuta kanisa la watu waliookoka karibu na kwako, wanaohubiri Neno na kuishi kwa uaminifu. Na kabla jua halijazama, nenda kwa yule mtu unayedaiwa mazungumzo, awe baba, awe mama, awe mke wako, ukaongee naye kwa upole juu ya njia yako.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii naye asome.

Mungu akubariki sana.